Dawa Isiyoongezwa

Kila asubuhi Festus alipakia mitungi ya maji kwenye pikipiki yake ya umeme, akaenda kuwauzia watu wa Marungu. Pikipiki hiyo haikuwa na kelele. Mkewe, Wakesho, alijua amerudi kwa kusikia mitungi mitupu ikigongana. Alikuwa mtu wa utani, Festus, hata mbuzi aliwatania.

Kosa lilianza na haraka. Betri ilikuwa imechoka, haimfikishi mbali. Akanunua chaja ya pikipiki kubwa zaidi, yenye volti nyingi kuliko ile yake. Wiki ya kwanza alijisifu. Wiki ya tatu betri ikafura. Akampigia simu Kasyoki, fundi wa Voi. Kasyoki alikuwa na kazi mikononi, akamjibu kwa mkato, "Hiyo dawa ya ndani imeisha." Simu ikakatika, na hakuna aliyempigia mwenzake tena.

Neno moja tu, jamani! Festus alikuwa utingo wa lori miaka kumi. Betri ya lori ikipungua dawa, unaongeza maji ya betri, basi. Mzoea punda hapandi farasi. Akamtuma Wakesho Voi akanunue chupa moja. Aliporudi, Festus akachukua drili ili atoboe mahali pa kumiminia. Betri ikamlipukia usoni. Siku ya nne akafariki hospitalini.

Baada ya mazishi Wakesho hakula. Binti yake, Daisy, alimbembeleza bure. Ile chupa alikuwa ameisukuma chini ya kitanda, hataki kuitazama. Swali moja lilimtafuna: je, ni maji aliyonunua yeye yaliyomuua mumewe?

Kasyoki alipokuja kumpa pole, alimkuta akichemsha maziwa. Wakesho akamuuliza wazi. Fundi akamwonyesha utando uliokuwa juu ya maziwa.

"Mama Daisy, unaona huu? Betri ya lithiamu, kama ile yenu, haina maji ndani. Ina kiowevu kinachoshika moto upesi. Kiwandani wanakitilia dawa kidogo. Betri ikichajiwa mara ya kwanza, hiyo dawa inakuwa utando kama huu, mwembamba sana. Unaacha umeme upite, na unakinga kiowevu kisiharibike."

Akaeleza kwamba kuna betri zinazotiwa dawa ya kuvumilia volti za juu. Ya Festus haikuwa hivyo. Ile chaja kubwa iliharibu utando, kiowevu kikatoa gesi, ndiyo maana betri ikafura. Na dawa yenyewe haiuzwi dukani wala haiongezwi. Betri ikishafungwa kiwandani, haitakiwi kuingiwa hata na unyevu.

"Na maji yangu?" Wakesho akauliza.

"Iko wapi chupa?"

Daisy akaitoa chini ya kitanda. Ilikuwa imejaa, kifuniko hakijafunguliwa. Drili ndiyo iliyoleta moto, Kasyoki akasema, kwa kugusanisha vitu vya ndani. Maji nayo yangezidisha hatari, lakini hayakufika.

"Hukumuua. Mimi ndiye niliyesema nusu ya neno. Nisamehe."

Wakesho akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Hakumwambia amemsamehe. Alimmiminia chai.

Miezi miwili baadaye jirani yao, Mulei, alikuja kuazima drili. Betri ya pikipiki yake ya umeme ilikuwa imefura.

"Drili ipo," Wakesho akamwambia. "Na haitoki humu."

Akafuatana naye hadi kwake. Alihakikisha betri haichajiwi, iko nje mbali na nyumba, na watoto hawaisogelei. Kisha akampigia Kasyoki. Safari hii fundi aliacha kazi yake, akaja mwenyewe kuichukua. Mulei akapata betri nyingine pamoja na chaja yake halisi, na kila mteja wa Kasyoki sasa huambiwa neno zima: dawa ya ndani haiongezwi, usitoboe, usibadilishe chaja.

Jioni moja Wakesho alikuwa akianua nguo. Upande wa pili wa ua, mke wa Mulei alimwita mumewe aje kula. Wakesho akasimama na shati la Festus mkononi, akisikiliza. Mulei akaitika.