Viganja vya Lango la Khejargarh

Shangazi yangu Sugan Kanwar alikuwa anasukasuka mtindi asubuhi ile, bintiye amelala kwenye bembea ya kitambaa. Aliyenisimulia ni yeye mwenyewe, na sitaki kusikia mtu akisema aliota. Mumewe alikuwa ameteremka kutazama shamba lao lenye kisima. Alirudishwa juu ya kitanda cha kamba, amekufa kwa kuumwa na nyoka. Adhuhuri haijafika, wanawake wa ukoo walikuwa wameshamvunjia shangazi bangili zake, kama afanyiwavyo mjane.

Ngome ya Khejargarh, makazi ya ukoo wa mumewe, ina malango kadhaa, na la mwisho lilijengwa kwa akili ya vita. Njia inakata kona ghafla kabla ya milango, ili tembo wa adui asipate nafasi ya kukimbia na kugonga. Milango yenyewe imepigiliwa miiba ya chuma usawa wa paji la tembo. Jua haliingii kwenye kona ile hata mchana, na hapo ukutani ndipo vilipo viganja vya mawe, vimejitokeza, vimepakwa rangi nyekundu. Ni vya wajane waliochomwa pamoja na maiti za waume zao.

Moto ulishapigwa marufuku na sheria. Desturi ya kiganja ukoo uliihifadhi. Mjane anachovya mkono kwenye rangi, anaugandamiza ukutani, anarudi ndani. Baada ya siku chache anakutwa amekufa, kiganja kimeungua, na chumbani hamna hata kibiriti. Hapo ndipo fundi wa mawe huitwa kuchonga, na shamba huenda kwa shemeji. Wenyewe wanaita heshima. Mimi naita wizi.

Wanaume walitangulia na maiti. Wanawake walisimama kwenye kona. Mama mkwe alishika bakuli la rangi, na shemeji, Achal Singh, akabaki nyuma kuhakikisha.

"Mkono, mwanangu," mama mkwe alinong'ona. "Usituaibishe."

"Nina mtoto ananyonya, mama."

"Tutamlea sisi," alisema Achal Singh.

"Wewe, shemeji? Ng'ombe wako tu wamekushinda."

Shangazi aligeukia ukuta kutafuta mahali patupu. Mwisho wa safu kulikuwa na kiganja kipya cha jiwe. Fundi alikuwa hajaitwa bado. Hakikuwa na rangi. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, kama cha kwake alichokivunja utotoni.

Jiwe lilikuwa na joto. Palinuka nywele zilizoungua. Kisha akasikia sauti za wanawake, nyingi, kutoka ndani ya ukuta.

"Weka. Tumekuwekea nafasi."

Alimtazama mama mkwe. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa, sikio ameelekeza ukutani. Alikuwa anazisikia. Siku zote alikuwa anazisikia.

Shangazi aliogopa, aliniambia. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Alichovya mkono kwenye rangi. Akaukunja.

"Nyinyi mlilazimishwa," aliuambia ukuta. "Mimi sitaki."

Akakipiga kile kiganja ngumi.

Vidole vya jiwe vilifumba. Vilimshika. Vilikuwa vya moto. Alivuta. Ngozi ikachunika. Hakufungua ngumi. Alivuta tena, na vikamwachia.

Bakuli lilikuwa limeanguka, rangi imetapakaa miguuni mwa Achal Singh.

"Utakufa," shemeji alinong'ona.

"Nitakufa nimezeeka. Nipishe, mtoto analia."

Siku zile chache zilipita, mwezi ukapita, mvua zikaja. Shangazi alilima shamba lake na kunywa maji ya kisima chake, akamwoza binti yake, akafa bibi kizee, makovu kwenye vifundo vya vidole. Achal Singh hakupita tena kwenye kona ile bila mtu wa kumshika mkono.

Nendeni mkatazame. Asubuhi ya pili baada ya mazishi, aliyefagia langoni alikimbia akiacha ufagio. Viganja vyote vya ukuta ule, hata vile vya enzi za mababu, vilikuwa vimekunja ngumi. Watu wametafuta alama ya patasi hadi leo, hawajaiona.