Ndevu Alizoshona Theja

Kila alipotoka shule, Theja alivua sare, akapasua kuni, akawafungia kuku bandani, kisha akachochea moto jikoni na kumpikia bibi yake chai ya rangi. Wazazi wake walifanya kazi Dimapur, mji wa bondeni, na walipanda kuja nyumbani Kohima mwisho wa mwezi tu. Siku nyingine zote nyumba ile ya mlimani ilikuwa ya watu wawili: Theja, msichana wa miaka kumi na mitatu, na Bibi Sebeinuo, aliyekwisha kupita themanini na ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu kama ule wa nje.

Kazi zikiisha, Theja alishona ndevu.

Kila Novemba vijana wa mji walikutana ukumbini kushindana, wamevaa na kujipamba kama wahusika wa katuni na michezo ya kompyuta. Mwaka huu Theja angekuwa mhunzi mzee, na Kelhou, mwanafunzi mwenzake, angekuwa mwanagenzi wake. Mwaka uliopita Theja alibandika ndevu za pamba. Jasho lilipozilowesha zilimning'inia kidevuni, na ukumbi mzima ukamlilia, "Meee!"

"Safari hii wakitucheka, nakukana," Kelhou alimwambia. "Nitasema mbuzi huyu simjui, nimemwokota njiani."

"Safari hii wataniamkia, ngoja uone."

Alikuwa amejifunza kazi yenyewe. Alikata kipande cha chandarua kwa umbo la kidevu chake, akawa anafunga nywele mbili mbili kwa sindano yenye ndoano, fupi karibu na mdomo, ndefu chini. Tatizo lilikuwa nywele. Za kinyozi zilikuwa fupi mno. Nyuzi za sufu zilimetameta kama nywele za mwanasesere.

Alhamisi moja Bibi alimtuma shali nzito sandukuni. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, Theja alikuta msuko wa nywele wenye urefu wa mkono, mweusi uliopauka, umefungwa kwa uzi mwekundu. Alisimama akisikiliza. Bibi alikuwa akikohoa jikoni, hatua sita tu kutoka pale. Angeweza kuuliza, "Bibi, hizi za nani?" Hakuuliza. Alijiambia kwamba kitu kilichosahauliwa hakina mwenyewe. Alisuka sufu nyeusi, akaifunga ndani ya kile kitambaa, akakikunja kama alivyokikuta.

Basi kazi ikaenda mbio. Alizikata zile nywele vipande vipande, akazifunga kwenye chandarua, akazilowesha na kuzizungushia vijiti vya mwanzi, akaziweka kwenye kichanja juu ya moto zikauke. Zilipokauka zilijikunja kama ndevu za mzee wa kweli. Kelhou alizigusa, akarudisha mkono haraka.

"Lo! Kama za mtu! Umezitoa wapi?"

"Saluni," Theja akajibu. Uongo ulimtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Siku ya pili ya kukausha, Bibi alinyamaza katikati ya neno. Aliinua uso, akanusa.

"Theja, nani ameingia?"

"Hakuna mtu, Bibi."

"Yupo. Nasikia harufu ya mafuta yake."

Theja naye aliisikia: harufu tamu yenye uchungu kidogo, kama ya mbegu zilizokaangwa. Ilitoka kwenye kichanja. Mafuta ya zamani yaliyolala ndani ya nywele yalikuwa yameamshwa na moto. Alijua hivyo, na ulimi wake ukasema, "Labda ni moshi."

Tangu siku ile nyumba ikabadilika. Bibi, aliyekaa benchi la mbele kanisani na kuwakaripia watu waoga wa mizimu, sasa alimimina vikombe viwili vya chai, chake na kingine alichokiweka mbele ya kigoda kitupu. Aliacha mlango wa jikoni wazi, baridi ikiingia. Uji wake wa mchele na mboga ulipoa sahanini bila kuguswa.

"Kula kidogo, Bibi."

"Atakula nini yeye, nikila mimi?"

Theja naye hakuwa na raha. Alikuta unywele ulimini akila, unywele kwenye daftari la hesabu, unywele umejizungusha kidoleni akifua. Mchana mmoja alibandika ndevu kwa gundi, akajitazama kiooni. Macho yalikuwa yake. Lakini kadiri alivyotazama, aliona kama msichana mwingine anachungulia kupitia macho yale, akingoja aambiwe neno. Alizibandua kwa nguvu hata mdomo ukatoka damu.

Ijumaa mchana, mashindano yakiwa kesho yake, Bibi alimwita.

"Niletee kitambaa cheupe kilicho chini ya sanduku. Nataka kumwuliza anataka nini kwangu."

Theja alikwenda sandukuni. Alikishika kile kitambaa chenye sufu. Macho ya Bibi yasingeona. Angeweza kumpa, akaenda zake. Ndipo akasikia sauti ikitoka jikoni, ndogo kama ya mtoto, ikisema na kigoda kitupu: "Usinikasirikie, mdogo wangu. Nisamehe. Nisamehe sana."

Bibi alikuwa akiomba msamaha kwa kosa la Theja.

Theja alirudi na vyote viwili, kitambaa mkono mmoja na ndevu mkono mwingine. Alipiga magoti. "Hakuna aliyekuja, Bibi. Ni mimi. Nilichukua nywele nikashonea ndevu. Humo ndani nimeweka sufu ili usijue."

Vidole vya mzee vilipapasa sufu, vikaiacha. Vikapapasa ndevu, vikatulia.

"Umezikata?"

"Ndiyo, Bibi."

"Zote?"

"Zote."

Heri angempiga kofi. Bibi alizilaza ndevu mapajani, akazinyoosha kwa vidole.

"Aliitwa Rokonuo," alisema. "Alikuwa na umri wako. Mwaka ule wa vita kijiji kilichomwa na askari, tukaishi msituni tukijificha. Homa ikamkamata. Mama alimkata msuko ili apate kumpoza kichwa, lakini hakufika asubuhi. Tulimzika mvua ikinyesha, hatukuweka hata jiwe, kwa kuogopa kujulikana tulipo. Tuliporudi kumtafuta, miti yote ilifanana. Msuko huu ndio kaburi lake, Theja. Hana jingine."

Theja aliinama, akalia.

"Na wiki nzima," Bibi akaendelea, "nimeamini kwamba amenifuata kwa kuwa nilimwacha. Ningekufa nikiamini hivyo."

"Kwa hiyo hakuwa yeye?"

"Zilikuwa nywele zake, na moto wako. Na kimya chako. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote."

Kesho yake asubuhi Kelhou alifika amevaa tayari, nyundo ya bati begani. "Mzee mhunzi, twende! Ndevu ziko wapi?"

Theja alimweleza yote, hata uongo wa saluni.

"Yaani nilishika nywele za marehemu?" Kelhou alijifuta mkono kwenye suruali. Kisha hasira zikampanda. "Na mimi je? Mwanagenzi bila mhunzi ni nini? Ni mtu aliyebeba nyundo tu!" Akateremka mlima bila kuaga.

Theja hakumfuata. Aliketi karibu na Bibi, akaanza kufungua mafundo, moja baada ya jingine. Alipokuwa akifungua, Bibi alisimulia: jinsi Rokonuo alivyopanda miti kushinda wavulana, jinsi alivyoiba asali akasingizia dubu. Yalikuwa mambo ambayo hata mama yake Theja hakuwahi kuyasikia.

Alasiri Kelhou alirudi. Hakushinda kitu.

"Waliniuliza bwana wangu yuko wapi," alisema akiwa mlangoni. "Nikawajibu amekwenda msibani." Akaweka nyundo chini. "Kuna sindano nyingine?"

Walimaliza Jumapili baada ya ibada. Nywele hazikuweza kusukwa tena. Walizifunga pamoja kwa uzi, wakazirudisha ndani ya kitambaa cheupe. Wiki iliyofuata wazazi wa Theja walikuja, na mchungaji akaja. Walizizika uani, karibu na makaburi ya wazee wa ukoo, na fundi akachonga jina juu ya jiwe.

Bibi alimshika Theja bega mbele ya wote. "Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Imeniuma, na itaendelea kuniuma. Lakini sikia. Siku ile ungeniuliza, neno moja lingetosha, na ningekueleza. Ukachagua kuficha, na uongo mmoja ukazaa wa pili, mpaka nikawa naongea na kigoda. Kitu ambacho humjui mwenyewe wake, uliza kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema mapema, maana anayeumia kwa kimya chako huenda ni mtu asiye na hatia. Umechelewa, mjukuu wangu, lakini umesema."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Macho yangu hayasomi. Wameandika nini?"

Theja aliinama karibu na jiwe. "Rokonuo."

"Soma tena," Bibi akasema. "Kwa sauti. Asikie."