Picha Aliyoibakiza Vumilia

Siku ya mnada Katoro watu hukanyagana miguu na hakuna anayeomba radhi, kwa hiyo Vumilia hakushtuka kusukumwa. Alichoshtukia ni mkono juu ya kamera yake.

"Dada, umenipiga picha. Nimekuona."

Kijana alikuwa mrefu, mabuti ya mpira yamejaa tope jeupe, kope zimeganda vumbi la mawe, shati lake la njano limebakiwa na vifungo viwili. Mchimbaji, hapo hakuna wa kuuliza. Dakika moja kabla alikuwa akicheka na muuza mitumba, kiganja amekiweka mdomoni kuficha pengo la jino la mbele, macho mekundu kwa vumbi na furaha. Vumilia alikuwa amekidaka kicheko hicho, na moyoni alijua hajapiga picha nzuri kama ile mwaka mzima.

"Nimekupiga, ndiyo. Nilikuwa nakuja kukuomba."

"Watu huomba kwanza."

"Nikikuomba kwanza utanuna. Ninyi wa machimboni mkiombwa picha mnakaza sura utadhani mko polisi."

Kijana akacheka tena, kiganja kikapanda tena mdomoni. Vumilia, mwenye miaka ishirini na saba na sketi ya kitenge iliyomkaa vizuri, akajikuta anakitazama kile kiganja kuliko ilivyompasa mtu aliyekuja kazini.

Akamweleza. Studio yake ya nyuma ya stendi ilimlisha kwa picha za paspoti, lakini zile nzuri alizituma kwa wakala mmoja wa ughaibuni, naye aliziuza kwa magazeti na watu wa matangazo, kisha akamgawia fungu lake. Ila sura ya mtu haiuzwi mpaka mwenyewe atie saini, na shahidi atie yake. Shahidi siku hiyo alikuwa Mama Bhoke, muuza chai.

"Shahidi tena?" kijana akasema. "Mama, huyu ananinunua au ananioa?"

"Tia saini bwana, meza yangu inasubiriwa na wateja."

Akaandika: Ndaki. Pembeni, bila kuulizwa, akaongeza namba ya simu.

Basi ikawa kila asubuhi, kabla Ndaki hajashuka shimoni, simu ya Vumilia inalia, na salamu ni ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Sura yangu imeamkaje huko Ulaya?"

"Imeuzwa mara mbili wiki hii, mpenzi."

"Kumbe! Ningejua mimi mzuri hivi ningekutoza ng'ombe."

"Ng'ombe utatoa wewe. Baba yangu yuko Masumbwe anakusubiri, na si mtu wa kupunguza."

Ikapangwa kwamba pamba ikishavunwa, Ndaki angekwenda Masumbwe na wajomba zake kujitambulisha.

Kisha ukaja ule ujumbe. Wakala amepunguza fungu la wapiga picha. Katika kila shilingi mia iliyoingizwa na picha, zamani Vumilia alipata arobaini; sasa angepata kumi na tano. Mkataba mpya ungeanza mwisho wa mwezi, na mwenye picha itakayokutwa bado kwa wakala siku hiyo atahesabiwa amekubali yote. Kundi la wapiga picha wa Kanda ya Ziwa kwenye simu likawaka moto. Donatus wa Mwanza, waliyemfanya kama mwenyekiti wao, akatuma ujumbe wa sauti: "Tunafuta picha zote, sote, Ijumaa saa sita mchana. Atakayebakiza hata moja ametuuza."

"Futa," Ndaki akamwambia. "Hata mwenye duara letu, hilo shimo tunalochimba, na ubahili wake wote, hagawi mawe ya dhahabu hivyo. Siku alipojaribu tuliweka nyundo chini siku nne, akanyooka. Lakini tuliweka wote, Vumi. Angebaki mmoja anachimba, tungeumia sote."

Ijumaa saa sita Vumilia akafuta. Miaka sita ya kazi: wanawake wakiosha mchanga wa dhahabu, ng'ombe wa Buseresere kwenye ukungu, mikono ya bibi yake ikipepeta mpunga. Alifuta huku analia. Ikabaki moja. Ile ya Ndaki ndiyo pekee iliyokuwa bado inauzwa, na kodi ya studio ilikuwa imepitiliza. Akajiambia ni mwezi mmoja tu. Akaandika kwenye kundi, "Nimemaliza," kisha akampigia Ndaki na kumwambia hivyo hivyo.

"Wewe ni jembe," Ndaki akasema. "Nitawaambia wenzangu wote."

Ule mkataba mpya Vumilia hakuusoma. Nani husoma? Ndani yake, kile kisanduku alichokitia alama siku zote, cha kukataza sura za watu wake zisitumike kwenye matangazo ya magonjwa, kilikuwa kimeondolewa.

Zikapita wiki tano. Mchana mmoja Ndaki akapiga, hakusalimia.

"Nenda zahanati ile ya barabara ya Buseresere. Angalia ukutani. Halafu unipigie."

Bango lilikuwa refu kuliko mlango. Ndaki wake, macho mekundu, kiganja mdomoni. Chini yake maandishi: "Kikohozi wiki mbili? Yeye alichelewa kupima kifua kikuu." Kilikuwa kicheko kile kile, wamekigeuza kikohozi. Mwanamke mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake, "Huyu namjua, ni mchimbaji wa huku. Maskini, kumbe." Vumilia akapiga simu.

"Uliniambia umefuta zote," Ndaki akasema.

"Nilibakiza moja."

"Moja."

"Ya kwako."

Maneno yakamtoka Ndaki kwa pamoja. "Wenzangu hawashuki na mimi shimoni. Mwenye duara kaniambia nipumzike, na maana yake unaijua. Nimepima, sina kitu, nimewaonyesha cheti. Wanasema cheti kinanunuliwa. Mama yangu anapigiwa simu kijijini anapewa pole. Na mimi nilijisifu kwao kwamba mchumba wangu ameweka nyundo chini!"

"Nisikilize, mpenzi..."

"Usiniite hivyo." Akakata.

Vumilia aliifuta ile picha saa ile ile. Haikusaidia, aliyeinunua ameshainunua. Wakala alimjibu kwa barua ya mashine, ahsante kwa kuwasiliana nasi. Wenye bango wakasema wanayo haki ya kuitumia picha, ombi la kulibandua watalitafakari. Akaandika ukweli wote kwenye kundi. Donatus akamtoa bila neno. Siku tatu simu ya Ndaki ilikuwa imezimwa. Alijiona mtu wa hovyo. Na kweli alikuwa amefanya jambo la hovyo, tusimpambe.

Siku ya nne akavaa gauni la buluu aliloliweka kwa safari ya Masumbwe, akapanda bodaboda hadi machimboni. Wachimbaji walikuwa wanakunywa chai ya saa nne chini ya turubai. Ndaki alikaa peke yake kwenye jiwe, begi limefungwa miguuni. Alikuwa anaondoka kwenda upande wa Kahama, kwenye machimbo mapya ambako hawamjui. Kikombe chake kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kisije kikachanganywa na vya wenzake.

Vumilia akauona ule uzi. Akakichukua kikombe, akanywa mafunda matatu mbele ya wote.

"Chai hiyo haibandui bango," Ndaki akasema.

"Najua."

"Wala hainirudishi shimoni."

"Najua."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja kukuomba unioe."

Maige, aliyekuwa mwenzake wa kushuka shimoni, akaguna. Mwingine akacheka vibaya. Ndaki hakucheka.

"Niende kwa baba yako na sura hii? Masumbwe nako bango limefika. Ataniona mgonjwa, na wewe utanyamaza, kama ulivyonyamaza."

Vumilia akatoa simu, akaongeza sauti wote wasikie, akampigia baba yake pale pale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Baba, yule mtu wa kwenye bango ni Ndaki, mchumba wangu. Si mgonjwa. Pale anacheka, nilimpiga mimi. Tulikubaliana tufute picha zote. Nikawadanganya wenzangu, nikamdanganya na yeye, nikaiacha yake kwa ajili ya hela. Kosa ni langu lote."

Mzee hakuuliza hela ngapi.

"Yupo hapo?"

"Yupo, baba. Anasikia."

"Mwambie mtu aliyetendwa hivyo na binti yangu sina uso wa kumdai ng'ombe. Akija nitampokea. Asipokuja sitamlaumu." Akakata.

Ndaki akasimama, akalitupia begi begani. Vumilia akafumba macho.

"Kahama naenda," Ndaki akasema, "maana hapa sina kazi tena. Na sijakusamehe, Vumi. Usije ukadhani nimekusamehe."

"Sidhani."

"Mwezi ujao nitapitia Masumbwe na wajomba. Nitakuoa nikiwa bado nina hasira."

Machozi yalimtiririka Vumilia, hakuyafuta. "Njoo nayo," akasema.