Kitambaa Juu ya Kitambaa

Kochi lililetwa asubuhi na mwanamke ambaye hakukubali kukaa. Fundi alimkaribisha mara mbili, akamvutia kiti, naye akabaki amesimama mlangoni. Alisema anataka kitambaa kipya tu, rangi yoyote, kisha akaondoka bila kuuliza kazi itakuwa tayari lini. Hapo ndipo fundi alipopaswa kushtuka. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, kwa sababu kila mteja pale aliuliza "lini?" na kila mteja alijibiwa "kesho." Huyu hakuuliza, na fundi akafurahi.

Nikuambie kosa lake mapema, maana mwenyewe alilificha mpaka maji yakamfika shingoni. Kochi kuukuu lazima ulivue kwanza. Unang'oa misumari, unatoa kitambaa cha zamani, sponji na gunia, unafika kwenye springi, ndipo unaanza kulivika upya. Ni kazi ya siku mbili, na vumbi lake utalikohoa wiki nzima. Fundi Kesho akatandaza kitambaa cha kijani juu ya kile cha zamani, akapiga misumari, na kabla ya chakula cha mchana amemaliza. Mke wake, ambaye ndiye mshonaji wa pale, alimuuliza, "Umelivua lakini?" Akajibu, "Nimelivua, mama." Uongo mtupu.

Mwenye kochi hakurudi. Likabaki karakana, ambayo ndiyo chumba cha mbele cha nyumba yao, na binti yao wa miaka sita akalifanya lake. Walimwita Kasuku, kwa kuwa mtoto yule aliongea mpaka na sabuni. Alipoanza kuongea na kochi, nani angejali?

Harufu ilikuja kwanza. Kila saa kumi alasiri, jua likiingia dirishani, kochi lilitoa harufu ya marashi yaliyochacha, na springi zikalia kama mtu anajikalisha vizuri. "Mbao zinakauka," alisema fundi. Kisha Kasuku akaanza kupungukiwa maneno. Jumatatu hakuimba. Jumatano aliomba maji kwa kidole. Jumapili kanisani aliambiwa asalimie watu, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima.

Saa kumi ya Jumapili hiyohiyo mama alikuwa jikoni anaosha vyombo, akasikia Kasuku anacheka kule karakana, kicheko chake kilekile cha kukwamakwama, akaitupa sahani akakimbia huku akisema asante Bwana, asante Bwana, na katikati ya njia akampita Kasuku mwenyewe, amekaa sakafuni, mdomo umefumbwa, macho yamemtoka, na kicheko kinaendelea kule mbele, ndani ya chumba, ndani ya kochi.

Sasa lazima umjue mama huyu. Alikuwa mwoga jamani! Aliogopa mbwa, radi, mjusi, na sindano za hospitali, yeye anayeshika sindano kutwa. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya na aliomba asubuhi na jioni, lakini aliomba kama mtu anayebisha hodi halafu anakimbia kabla hajafunguliwa.

Kesho yake mchana mchungaji akaja. Akapaka mafuta, akakemea mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kochi halikutikisika.

"Kuna kitu mnanificha?" akauliza. "Mficha uchi hazai."

Fundi akatazama nyundo yake. "Hakuna, mtumishi."

Mchungaji akaanza upya, na safari hii kochi likamjibu kwa sauti ya Kasuku, taratibu kabisa: "Mchungaji, mbona magoti yanagongana? Ogopa tena. Nashiba." Springi zikabonyea. Mtumishi wa Mungu akasema anakwenda kuwaita wazee wa kanisa. Chupa yake ya mafuta iko dirishani mpaka leo, na wazee nasikia bado wanajipanga.

"Nalichoma," fundi alinong'ona.

"Thubutu! Sauti ya mwanangu imo humo. Ukilichoma, umeichoma nayo."

"Sasa tufanyeje?"

Mke akashika upindo wa kitambaa cha kijani. "Kitambaa cha zamani ulikitoa?"

Fundi akaanza kuokota misumari sakafuni.

"Baba Kasuku, nakuuliza mbele za Mungu."

"Sikukitoa," akasema, na machozi yakamtoka. "Nilivika juu yake. Nisamehe, mama."

Hakumgombeza. Alisema tu, "Lete koleo."

Wakaanza kung'oa, jua likiwa linasogea kuelekea saa kumi. Chini ya kijani kulikuwa na kahawia, na chini ya kahawia walitegemea kukuta sponji lakini wakakuta kitambaa cha maua, na chini ya maua bluu, na chini ya bluu mistari, fundi baada ya fundi walikuwa wamefanya uvivu uleule na bila shaka wamesema uongo uleule, na kila kitambaa kilikuwa na doa bichi mahali palepale mtu anapokalia, na kila doa lilikuwa baridi kuliko lililotangulia, na harufu ya marashi ikawajaa mpaka kwenye meno, na Kasuku ameshika gauni la mama yake hataki kuachia, mpaka wakang'oa cha saba, wakatoa sponji, wakatoa gunia, na springi zikabaki uchi kwenye mwanga wa jua, zimebonyea zote hadi chini, na juu yake hapakuwa na mtu.

"Nifunikeni," ikasema sauti ya mtoto. "Naona baridi."

"Mama Kasuku, tutoke," fundi akanong'ona. "Tutoke, nakuomba."

Mke akaliweka koleo chini. Akaomba kwa sauti, na safari hii hakukimbia. "Bwana Yesu, unanijua, mimi ni mwoga. Hata usiponiondolea hiki kitu, kaa na mimi nikikaa." Akageuka, akakusanya gauni lake, akakaa juu ya zile springi.

Alishuka polepole, kama anayepakatwa. Akaanza kuimba sauti yake ya pili. Ubeti wa kwanza ulitoka wote. Katika wa pili sauti ikaanza kufifia huku midomo ikiendelea, na uso wake, ambao fundi aliujua miaka kumi ukiwa na wasiwasi, ukatulia kabisa. Kando yake mtoto akakohoa.

"Baba," Kasuku akasema, "mama amekaa juu ya mtu."

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Kasuku anaongea mpaka walimu wanamwomba apumzike. Mama hajatamka neno tangu siku ile. Lakini mbwa wakali wa mtaani anawapita katikati, na radi ikipiga yeye anaanika nguo. Kila saa kumi anavuta kigoda chake mbele ya kochi lile lililo uchi, anashona, midomo inacheza kwa maombi, na kochi linaimba sauti yake ya pili. Fundi hawezi kulichoma, maana sauti ya mkewe imo. Fundi hutoka nje kila inapofika saa hiyo. Bado anaogopa. Anaogopa kuliko siku ya kwanza.

Wiki iliyopita alichelewa kutoka. Mke alikuwa jikoni. Kochi halikuimba, lilimwita kwa sauti ya mkewe, ileile ya chini aliyokuwa akimwita nayo kitandani.

"Baba Kasuku. Huyu mwanamke hanilishi kitu. Tangu siku ile, hata tonge. Ningekuwa nimekwisha ondoka na njaa yangu." Springi zikabonyea taratibu hadi chini. "Nakula kwako. Asante."

Fundi alipogeuka, mke alikuwa amesimama mlangoni, na amesikia yote. Alimjia. Akamshika mkono kwa upole, akampeleka mpaka mbele ya kochi, akamwonyesha pa kukaa. Kisha akaweka kiganja kifuani pake mwenyewe, akamwonyesha juu, kama anayemwambia aombe kama alivyoomba yeye, akasubiri. Alikuwa anatabasamu. Miaka mitatu alikuwa amenyamaza, na sasa hatua moja tu ya mumewe ingemrudishia sauti yake.

Jasho likamtiririka fundi. Akaangalia springi. Akaangalia mlango.

"Kesho, mama," akasema. "Kesho."