Mashine Iliyopima Kina

Mshonaardhi, mashine ya kuziba makorongo, alitambaa kwenye sakafu ya korongo kwa miguu yake ishirini, akitema utomvu wa kijivu uliogeuka jiwe kabla hujapepesa jicho. Mvua ilimwagika Kondoa nzima, na ile sakafu haikuchubuka hata kidogo.

"Kina hakijaongezeka," mashine ikatangaza. "Korongo salama."

"Salama ya wapi!" alifoka Injinia Zamda, amelowa chapachapa uani kwa shangazi yake.

Ni yeye aliyeiunda, akaifundisha jambo moja tu: maji yakichimba chini, ziba. Miaka mitatu alipigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza maji yaliyozuiwa kushuka yatakwenda wapi, isipokuwa huyo shangazi, Bi Hidaya, aliyelima uwele hadi ukingoni. Kila msimu alichomeka kijiti kwenye ukingo wa korongo, kisha akapima kwa mpini wa jembe hadi mlangoni pake.

"Mwanangu, ilikuwa mipini arobaini, imebaki kumi na miwili," alimwambia mwaka jana. "Hili korongo halizami tena, linanenepa."

Zamda alicheka weee! "Shangazi, kijiti nacho ni kipimo?"

Leo maji yaligonga sakafu ngumu, yakageukia kuta na kuzila kwa chini. Udongo wa juu ulining'inia kidogo, kisha ukaporomoka pamoja na uwele wake. Ilibaki mipini mitatu.

"Vunja sakafu!" Zamda aliipigia kelele redio ya mkononi. "Yaache maji yashuke!"

"Amri imekataliwa. Sakafu haivunjwi."

Sauti ilikuwa ya Zamda mwenyewe. Aliirekodi kwa madaha siku ya uzinduzi.

"Shangazi, toka! Nakuomba, toka!"

Bi Hidaya alijitokeza mlangoni na mfuko wa mbegu, akaurusha hadi miguuni kwa Zamda. "Kamata, msomi wangu! Nafuata wa pili."

"Achana na mbegu!"

"Mwakani tupande nini, vijiti?"

Akaingia. Ukingo ukakatika, nyumba ikainama, ikaenda yote naye akiwa ndani.

Zamda aliteremka kwa makalio, akachimba matope kwa kucha, akilia, "Nisamehe, Shangazi, nisamehe!" Mshonaardhi alipanda juu ya mabati yaliyokunjika, akashusha kipimo chake hadi kwenye sakafu.

"Kina hakijaongezeka," alisema kwa sauti ya Zamda. "Korongo salama."