Ampea Tatu

Alhamisi, saa 10:00 jioni. Tripoli ya Lebanoni, chumba cha nyuma kwa kinyozi.

Abu Qusai alisukuma kando bakuli la maharage na bastola yake, akatandaza mchoro wa duka la sonara. "Sema, fundi. Kwa kifupi."

Mutasim ndiye aliyefunga mota inayopandisha mlango wa mbele wa duka hilo. "Sonara ananunua ampea tano tu za jenereta ya mtaa. Tano mara volti mia mbili na ishirini, wati elfu moja na mia moja. Drili peke yake inakula ampea nne na nusu."

"Na birika la kahawa?" Labib, mdogo wake Mutasim, alikuwa anacheka.

"Nalo nililipima. Ukinzani omu arobaini na nne. Volti ukizigawa kwa omu hizo, ampea tano. Lichomeke pamoja na drili, swichi ikate, ubaki gizani na sefu yako."

"Tunaingia nyuma, tunatoka nyuma," Abu Qusai alisema. "Fundi anatufungia kufuli kwa nje, anakaa ngazini kwenye swichi kuu ya duka. Tukigonga, anafungua."

Mutasim alimtazama Labib. Alikuwa amemwahidi mama yao kumtoa kijana huyu mjini akiwa hai. Kazi yenyewe aliichukia.

Ijumaa, saa 6:12 mchana.

Mtaa mzima uko msikitini, mkabala na duka. Mutasim ngazini, mita imebana waya. Nne na nusu. Drili inatafuna chuma.

Saa 6:31.

Sifuri. Sefu imefunguka. Akatoa ufunguo, akasubiri kugongewa.

Saa 6:33.

Tatu.

Akaitikisa mita. Tatu vilevile. Mara mia mbili na ishirini, wati mia sita na sitini. Mle ndani kinachokula kiasi hicho ni kimoja tu, mota ya mlango wa mbele. Wanamkimbia, na mdogo wake yumo.

Akashusha swichi.

Simu ikatetemeka. "Kaka, umeme umekata," Labib alinong'ona. "Inua."

"Mnatokea wapi?"

"Nyuma. Kwako."

"Nyuma hakuna mota, Labib."

"Mlango umepanda shubiri moja, umekwama. Na mnyororo wa kuuvutia kwa mkono hamna."

"Sonara aliniambia niung'oe. Anaogopa wezi. Ulijua mtaniacha?"

"Tangu jana. Abu Qusai alisema fungu lako litakuwa langu. Nisamehe, kaka. Njoo ufungue nyuma."

"Bastola yake iko wapi?"

"Mkononi. Anautazama mlango wako."

Mutasim aliketi kwenye ngazi. Aliumia kuliko alivyowahi kuumia, na bado alikuwa anampenda. Akifungua nyuma, anauawa yeye, kisha Labib, shahidi wa mwisho. Akiondoka, sonara atawakuta, na huyo mwenye bastola hatakubali kukamatwa kimyakimya akiwa gizani na kijana mmoja.

Saa 6:36.

Kwenye spika imamu alitoa salamu ya mwisho. Viatu vikaanza kuburuzwa mtaani, mamia ya viatu.

"Labib. Lala chini kifudifudi, mikono kichwani. Usiinuke hata akikuita."

"Kaka, unafanya nini?"

"Nakutoa ukiwa hai. Mbele ya watu wote hawa hatathubutu kufyatua."

Akainua swichi. Mita ikasoma tatu, na mlango wa mbele ukaanza kupanda, polepole, mbele ya msikiti mzima.