Daftari la Makosa ya Watu

Kila Jumamosi asubuhi Tania alifagia kiwanja, akawasha makaa kwenye mbabula, jiko dogo la bati, akamwosha uso mdogo wake Gloire wa miaka minne, kisha akaketi mlangoni na daftari lake. Halikuwa daftari la shule. Humo aliandika makosa ya watu wanapozungumza, jina la mkosaji pembeni, na alama kati ya kumi. Mama yake mzazi, Mama Mado, alikuwa na tatu.

Tania alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyeongoza darasa kwa Kiswahili cha vitabuni. Kiswahili cha mtaani kwao Kolwezi, Kongo, kilimchefua. Alichukia "bitu". Alichukia "batoto". Lakini kilichomuudhi kuliko vyote ni "njo vile", yaani "ndivyo ilivyo", maneno ambayo watu huyabandika mwishoni mwa kila habari, iwe ya arusi, iwe ya msiba. Umeme wa bwawa la Nzilo umekatika, njo vile. Mvua imeozesha mahindi, njo vile. Kila alipoyasikia, alihisi kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga masikioni mwake.

Na hakuna aliyeyasema mara nyingi kama jirani yao, Tata Kyungu, yaani Baba Kyungu. Alikuwa mchimbaji kutoka Kasaji, macho mekundu kwa vumbi. Kama wengine mtaani, alichimba ndani ya kiwanja chake mwenyewe: shimo refu chini ya turubai, na huko chini njia nyembamba zinazofuata madini bila kuuliza ua ni wa nani. Katika daftari alikuwa na sifuri.

Jumamosi hiyo Mama Mado alikuwa sokoni akiuza unga. Rafiki yake Tania, Noëlla, alikuja kusikiliza daftari likisomwa, na wote wawili walikuwa wanacheka. Gloire alikuwa jikoni, kile kijumba cha matofali mabichi nyuma ya nyumba, akichezea sufuria. Mara Tata Kyungu akatokea uani, matope hadi kiunoni, anahema.

"Mutoto, mama yako iko wapi?"

"Mama yako yuko wapi," Tania akamsahihisha bila kuinua macho.

"Ya kwangu iko Kasaji. Mi nauliza ya kwako."

Noëlla akaziba mdomo kwa kicheko. Tata Kyungu hakucheka.

"Sikia. Ile njia yetu ya chini imeanguka. Batoto basiingie mu jiko. Mutoshe bitu inje. Udongo iko naenda."

"Watoto! Vitu! Udongo unakwenda!" Tania alihesabu kwa vidole. "Makosa matatu, tata, na hujamaliza kupumua. Sema tena vizuri, nitakusikiliza."

Shingo ya Tata Kyungu ilivimba. "Unajua kusoma, weye, lakini akili hauna! Bakia na swahili yako. Njo vile!" Akageuka, akaondoka kwa hasira.

"Na njo vile yake," Tania alisema huku akiandika.

Noëlla alikuwa ameacha kucheka. "Lakini amesema nini kuhusu jiko?"

Tania alitazama ukurasa wake. Palikuwa na "batoto", "bitu", "iko naenda". Basi. Alikuwa ameokota makosa yote na kuuacha ujumbe chini.

Hapo ndipo waliposikia sufuria zikibiringika zenyewe, na Gloire akiita. Tania alikimbia. Kupitia upenyo wa mlango aliona sakafu ya jiko imepasuka kutoka ukuta hadi ukuta; fremu ilikuwa imeinama, imeubana mlango. Aliuvuta kwa mikono miwili, haukusogea. "Gloire! Gloire!"

Tata Kyungu hakuwa amefika mbali. Aliruka ua na sururu mkononi, akapiga ukuta wa nyuma mara tatu, akaingiza mkono kwenye tundu na kumtoa mtoto kwa kumvuta shati. Hawakuwa wamefika hata kwenye mlango wa nyumba. Jiko lilikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, kisha likamezwa lote.

Mama Mado, aliyeitwa na majirani, alifika mbio kutoka sokoni, unga bado mikononi. Alimpapasa Gloire kichwa hadi miguu, halafu akamgeukia jirani yake.

"Uliniambia njia yako inaenda ku barabara! Kumbe unachimba chini ya batoto bangu?"

"Nilikosa, mama. Niliona madini, nikaifuata." Tata Kyungu aliinamisha kichwa. "Nitajaza ile shimo na kujenga jiko. Nilikuja kusema, lakini huyu mutoto..."

Noëlla akaeleza yote. Mama Mado alichukua daftari, akasoma kurasa mbili, akafika kwenye tatu yake. Hakupiga kelele, na hilo lilimwogopesha Tania zaidi.

"Tata Kyungu amekosa, na atajaza shimo," alisema. "Lakini weye, mutu alikuletea uzima wa ndugu yako mu kinywa, ukapima kinywa. Kusoma ni kuzuri. Ila kwanza usikie mutu anasema nini. Kama nafasi inabaki, njo umufundishe."

Tania alilia. Kisha akapangusa uso. "Tata, kuna njia nyingine zinazopita chini ya nyumba za watu?"

"Mbili. Batu bajue leo, lakini mi sijui kuandika."

Tania alifungua ukurasa mweupe. "Sema."

Tata Kyungu alisema polepole, naye akaandika kila neno kama lilivyotoka. Kwenye "batoto" kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Wakaenda nyumba kwa nyumba. Kwa jirani mwingine, Mama Tshibola, Tania alisimama mlangoni akasoma kwa sauti: "Njia ya pili inapita chini ya nyumba ya Mama Tshibola. Batoto basilale mule..."

Mama Tshibola hakungoja mwisho wa sentensi. Alikuwa tayari amewabeba wawili na kumsukuma wa tatu nje.

Tania bado anaichukia "njo vile". Lakini siku hizi huichukia baada ya kusikiliza.